Mshipi wa Basotu, Mshipi wa Tanga

Ukienda kuulizia uzi wa kuvulia dukani Katesh, Haydom au Mbulu mjini, swali utakalorudishiwa ni moja: mnene au mwembamba? Wengi wetu hujibu mnene, kwa hofu kwamba samaki mkubwa akija ataukata. Matokeo yake ni kijana aliyekaa ukingoni mwa Ziwa Basotu tangu alfajiri na nailoni inayotosha kufungia ndama, huku perege wakikisogelea chambo chake, wakikigusa na kukiacha.

Ushauri wangu ni kwamba uzito wa samaki unayemwota uuweke kando kwanza. Jiulize ni nini kitakachoukata mshipi wako. Kuna meno, kuna jiwe, kuna chumvi iliyokauka, kuna jua, na kuna fundo baya. Kila maji yana mkataji wake. Kwenye maziwa yetu ya Mbulu na Hanang wakataji wakuu ni jua na fundo, na hao hawana hata pezi moja.

Wilaya hizi mbili ni za ng'ombe, mahindi na ngano. Wazee wengi wa Kiiraqw na wa Kidatoga hawakukulia kwenye kitoweo cha samaki, kwa hiyo elimu ya mshipi haikurithishwa nyumbani kama inavyorithishwa Pangani au Ukerewe. Anayeanza kuvua huku hujifunza kwa muuza duka, ambaye naye aliletewa rola pamoja na misumari na kufuli. Hana kosa. Akikuambia "hii haikatiki bosi", mshukuru, kisha omba kuona lebo.

Kwenye lebo yenye maana utakuta mambo mawili: unene kwa milimita, na uzito ambao uzi unahimili, kwa kilo au kwa ratili za Kiingereza. Ratili moja ni gramu 454, kwa hiyo uzi wa ratili 20 ni wa kilo 9 hivi. Nailoni ya kawaida yenye milimita 0.20 hubeba kama kilo 3, ya 0.30 kama kilo 6 au 7, ya 0.40 kama kilo 11, ya 0.50 kama kilo 16. Angalia jinsi hesabu inavyopanda: ukizidisha unene mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Ndiyo maana hatua ndogo ya unene inatosha, huna haja ya kuruka kutoka 0.25 hadi 0.60. Rola nyingine huandikwa namba tupu, kwa mfano 40 au 60, ambazo mara nyingi ni sehemu za mia za milimita. Za Kijapani zina kipimo chao, ambapo namba 1 ni uzi wa milimita 0.165. Lebo isiyotaja unene wala kilo, nunua kwa bei ya kamba ya kuanikia nguo.

Jambo jingine la kutazama dukani ni mahali rola ilipokuwa ikikaa. Nailoni huliwa na mwanga wa jua, na jua la nyanda za juu kama zetu lina miale mikali kuliko la pwani. Rola iliyoning'inizwa mlangoni ili wapita njia waione imeshaungua, hata kama ni mpya na karatasi yake haijafunguliwa. Omba iliyo ndani ya boksi. Ukishaipata, vuta nusu mita na uipitishe polepole kati ya kucha na kidole. Uzi mzima huteleza. Uliochoka hukwaruza, una weupe wa unga, na ukiuachia hujikunja tena kwa namna ulivyokuwa kwenye rola.

Nyumbani kuna kipimo ambacho hakina gharama, nacho ndicho ninachokiamini kuliko lebo yoyote. Chukua ndoo ya lita 20 na jagi lenye alama za lita. Kata mita moja ya uzi na uloweke kwenye maji kwa saa moja au zaidi, kwa sababu nailoni ikinywa maji hupungua nguvu kidogo, na wewe utavulia ndani ya maji. Ncha ya juu izungushe kwenye boriti mara sita au saba kabla ya kuifunga, ili fundo la huko lisibebe mzigo. Ncha ya chini ifunge kwenye pete ya funguo kwa fundo lile lile unalofungia ndoano siku zote, kisha pete itundike ndoo. Usitumie ndoano yenyewe, itakurukia usoni. Ndoo iwe shibiri moja tu kutoka chini. Sasa mimina maji lita moja moja. Lita moja ni kilo moja, na usisahau kujumlisha uzito wa ndoo tupu. Uzi ukikatika, usikimbilie kuhesabu, tazama kwanza ulipokatikia. Ukikatikia katikati, uzi wenyewe ndio umefika mwisho wake. Ukikatikia kwenye fundo, na mara nyingi itakuwa hivyo, basi mshipi wako wa kilo 10 ni wa kilo 6, na tatizo liko vidoleni mwako.

Kwa hiyo fundo kabla ya yote. Kwa nailoni ya kawaida, pitisha ncha kwenye tundu la ndoano, izungushe kwenye uzi mkuu mara tano, irudishe kwenye kitanzi kidogo kilichobaki karibu na tundu, kisha kwenye kitanzi kikubwa kilichotokea. Lowesha kwa mate, halafu vuta polepole mpaka mizunguko ijipange. Mate yana kazi yake: fundo likikazwa kavu, nailoni husuguana, hupata joto na hudhoofika hapo hapo. Uzi wa kusuka unateleza, na fundo hilo huchomoka. Wenyewe ukunje mara mbili, pitisha kitanzi chote kwenye tundu, funga fundo la kawaida lisilokazwa, ingiza ndoano nzima ndani ya kitanzi, kisha kaza. Hayo mawili yanatosha. Jifunze kuyafunga usiku bila tochi.

Kuna aina nne za uzi utakazokutana nazo. Nailoni ya uzi mmoja ndiyo ya wengi: ni rahisi, na hunyumbuka, hivyo humsamehe mtu anayevuta kwa pupa. Fluorokaboni inafanana nayo kwa macho lakini ni nzito zaidi, huzama, hainywi maji, haichubuki upesi, na ndani ya maji safi haionekani sana kwa kuwa inapitisha mwanga kwa namna inayokaribia ya maji. Bei yake ni kubwa, na kwa hiyo inafaa kwenye lida, hakuna sababu ya kujaza rili nzima. Uzi wa kusuka hutengenezwa kwa nyuzi nyembamba za plastiki yenye nguvu sana. Kwa unene ule ule hubeba mara mbili ya nailoni au zaidi, hauvutiki, na samaki akigusa chambo unasikia mkononi papo hapo. Ubaya wake ni kwamba jiwe lenye makali huukata kwa mguso mmoja, na ukiushika kwa mkono mtupu samaki akakimbia, utakukata wewe. Ya nne ni waya, na hiyo ni ya wenye meno.

Lida, kwa asiyeizoea, ni kipande cha uzi kinachokaa kati ya mshipi mkuu na ndoano. Kuna lida za namna mbili, na watu huzichanganya. Lida nene kuliko mshipi ni ya kinga: inapokea meno, ngozi na mawe. Lida nyembamba kuliko mshipi ni ya kujificha, na pia ni ya kutolewa kafara. Ndoano ikinasa kwenye kisiki, inakatika lida peke yake, nawe unarudi na mshipi wako wote badala ya kuacha mita 40 za nailoni ziwani.

Sasa twende kwenye maji yenyewe, tuanze na maji baridi: Basotu ambalo ni ziwa la kreta, Tlawi karibu na mji wa Mbulu, mabwawa ya vijiji, na Ziwa Babati la majirani zetu. Samaki wa kufikiria humo ni perege na kambare, na kila mmoja anataka mshipi wake.

Perege ana mdomo mdogo na tabia ya kuonja. Mshipi wa milimita 0.20 hadi 0.25 unamtosha kabisa, na ndoano ndogo. Maji yakiwa meupe, ongeza lida ya nusu mita yenye 0.18. Maji yakiwa na tope, kama yanavyokuwa Babati baada ya mvua, fluorokaboni ni kutupa hela, kwa sababu hakuna anayeona kitu humo. Ukivua kwa fimbo ya mwanzi isiyo na rili, urefu wa uzi ulingane na urefu wa fimbo, na usishuke chini ya 0.25, maana hakuna cha kuachia samaki akivuta.

Kambare ni habari nyingine. Mfungue mdomo umtazame, kwa uangalifu, maana mapezi ya ubavuni yana miiba. Juu na chini utaona ukanda wa vijino vidogo vilivyobanana, na ukipitisha kidole utadhani ni msasa. Vijino hivyo havikati mara moja. Kambare akinaswa hujiviringa, na kila anapojiviringa uzi unasuguliwa kwenye ukanda ule. Kambare wa kwanza utamtoa, na wa pili pia. Wa tatu ataondoka na ndoano, nawe utasema alikuwa mkubwa ajabu. Dawa yake ni mshipi wa 0.35 hadi 0.40, na lida ya nailoni ngumu ya 0.50 au 0.60, urefu wa shibiri mbili. Katikati weka kile kijichuma kinachozunguka, ili kuviringika kwake kusiukunje mshipi wote. Baada ya kila kambare, pitisha shibiri ya mwisho ya lida midomoni mwako. Midomo husikia mkwaruzo ambao kidole chenye sugu hakisikii. Ukiusikia, kata na ufunge upya. Watu wengi huona uvivu wa jambo hili dogo, na ndilo linalowapa kambare wakubwa uhai mrefu.

Waya kwa kambare hauhitajiki. Unakunjika, unamtia shaka, na unakula hela yako bure. Weka waya kwa ajili ya kibebe wa Ziwa Tanganyika, ambaye meno yake yanaonekana hata akiwa amefunga mdomo.

Jambo moja nje ya mshipi: Ziwa Babati lina viboko. Kuvua jioni ukiwa umezama hadi kiunoni ili mshipi ufike mbali ni akili mbovu. Ongeza risasi, urushe ukiwa nchi kavu.

Maji ya magadi ndiyo yanayotutofautisha na wavuvi wengine. Mbulu ikishuka magharibi inakutana na Ziwa Eyasi, na upande wa pili chini ya ukuta wa Bonde la Ufa liko Manyara. Chini ya Mlima Hanang kuna Balangida, ambako watu huenda kutafuta chumvi kuliko kitoweo. Sehemu ya Ziwa Manyara imo ndani ya Hifadhi ya Taifa, na huko usiende na mshipi. Eyasi hupanda na kushuka kwa mvua: kiangazi kikali hubaki eneo jeupe la chumvi, na mvua zikizidi maji hurudi na wavuvi hupiga kambi.

Perege wa maji haya, ambaye wanasayansi humwita Oreochromis amphimelas, anapatikana Tanzania peke yake, katika maziwa ya magadi kama Manyara na Eyasi. Si samaki wa kutisha, na mshipi ule ule wa 0.20 unamtosha. Ila yumo kwenye orodha ya samaki walio hatarini kutoweka, hivyo chukua wa kula na wadogo warudishe.

Wengi hudhani magadi huyeyusha nailoni. Hapana, nailoni inavumilia magadi vizuri. Kinachouharibu mshipi ni kile kinachotokea baada ya kutoka majini. Upepo wa bondeni hukausha maji kwenye uzi kwa dakika chache, na chumvi inabaki juu yake kama punje ndogo zenye ncha. Ukiukunja hivyo, kila mzunguko unausaga mwenzake. Uzi wa kusuka ndio huumia zaidi, kwa kuwa punje zinaingia hadi katikati ya nyuzi zake. Vyuma navyo huliwa: ndoano ya bei rahisi huanza kutu mapema, na kijichuma cha kuzunguka huganda kikaacha kuzunguka. Kwa Eyasi chagua nailoni, acha uzi wa kusuka nyumbani, na ubebe dumu la maji baridi la lita 5. Jioni zamisha rola nzima ndani ya bakuli, itikise, mwaga, rudia, kisha anika kivulini. Huko kusiko na kisima karibu maji hayo yatakuuma kuyamwaga. Yamwage.

Na bahari? Mtu wa Katesh anaenda Tanga kwa harusi au kwa kazi, na shemeji yake anamwambia kesho tunatoka na ngalawa. Mshipi wa Basotu usiuchukue. Kwanza, ngalawani wengi huvua kwa mkono bila fimbo, na hapo unene una kazi ya pili: kulinda vidole. Nailoni ya 0.25 ikivutwa na kolekole wa kilo 4 inachana ngozi. Kwa hiyo mshipi mkuu uwe 0.70 au 0.80, uliokunjwa kwenye kibao, hata kama changu unaowatafuta ni wa nusu kilo. Lida ndiyo ifuate samaki.

Kwa changu na wenzake wa kwenye matumbawe, mkataji ni matumbawe yenyewe. Lida ya nailoni ngumu ya 0.50, mita moja, inafaa, na risasi ifungwe kwa uzi mwembamba zaidi ili ikinasa uipoteze yenyewe tu. Chewa akishika chambo hukimbilia pangoni mwake, na huna muda wa kubembelezana naye. Kwake lida ni 0.80 na kuendelea, na usimpe hata pima moja ya uzi. Nguru na mzia wana meno ya kukata, na hao ndio wenye waya. Shibiri moja na nusu inatosha, nyembamba kadiri unavyoweza kuipata, kwa sababu nguru wa mchana mweupe huikwepa nene. Jodari hana meno ya kutisha lakini ana macho: ukimwekea waya atakupita, mwekee fluorokaboni. Hapo ndipo fedha ya fluorokaboni inaporudi.

Wale samsuli wa mkondo wa Pemba wanataka vifaa vya bei ya pikipiki, na aliyekuchukua kwenye boti yake atakuwa navyo. Mwandishi Ernest Hemingway alipita Babati mwanzoni mwa 1934 akiwinda, kisha akashuka Malindi kuvua baharini. Enzi zile mishipi ya bahari kuu ilisokotwa kwa kitani, na ilibidi ioshwe na kuanikwa isioze. Nailoni ilitangazwa na kampuni ya DuPont mwaka 1938. Wewe una nailoni, na bado unashindwa kuiosha?

Kabla hujarusha popote katika wilaya hizi, pita kwa afisa uvuvi wa halmashauri uulizie leseni, na kama ziwa halijafungwa kupumzishwa. Kanuni za Uvuvi za 2009 zinakataza nyavu za nailoni ya uzi mmoja, zile ziitwazo timba. Mshipi wenye ndoano ni kitu kingine, lakini ukikutwa na marundo ya nailoni ndani ya gunia utajieleza sana. Beba rola moja.

Rola hiyo ihifadhi ndani ya soksi nyeusi au kopo lenye mfuniko, mbali na dirisha na mbali na dumu la mafuta ya taa. Mshipi unaotumika kila wiki ubadilishe kila mwaka. Ukitaka kubana matumizi, ugeuze: ncha iliyokuwa ndani ya rola, ambayo haijaona jua, iwe ndiyo ya mbele. Lida usizitunze kwa mwaka hata kidogo, zifunge mpya kila safari.

Vipande unavyokata, hata vya shibiri moja, viweke mfukoni na urudi navyo nyumbani. Ng'ombe wa Basotu hunywa pale pale unapovua, na nailoni ikijizungusha juu ya kwato huzama kwenye nyama taratibu, mfugaji asijue mpaka mguu umevimba. Korongo na heroe hawana hata mfugaji wa kuwatazama. Ndoano iliyochakaa ibane kwa koleo kabla ya kuitupa chooni.